Uso Kwenye Skrini ya Stendi

Nyundo ilitua kwenye kidole gumba cha Mwatumu, mfupa ukalia ko!

"Ifute ile habari ya mauaji, dada, la sivyo nahamia cha pili," alisema Kibwana, mlinzi wa meya, amemkamata nywele.

Mwatumu alitema damu. Mtambo wa habari aliouunda, na kuuacha wazi autumie yeyote atakaye, haukuwa na ukurasa wake wenyewe; ulizituma tu habari kwenye skrini nyingine. Ukichapisha kitu humo, papo hapo kinatokea kwenye tovuti, kwenye simu za watu na kwenye skrini kubwa ya stendi, ng'ambo ya barabara. Kibwana alidhani kila kitu kimo ndani ya kompyuta ile ya mezani tu.

"Nafuta, kaka."

"Ole wako unichezee!" Kibwana akainua nyundo.

Kwa mkono uliobaki, Mwatumu akampiga picha kwa kamera ya kompyuta, kisha akabonyeza Chapisha.

Kibwana aliivunjavunja kompyuta, akacheka. "Kwisha habari yake."

Kule stendi makelele yakakatika ghafla. Akamburuta Mwatumu mpaka dirishani. Skrini ilikuwa imejaa uso wa Kibwana mwenyewe, meno nje, nyundo juu, nywele za mwanamke mkononi.

Lakini hakuna aliyekuwa akiitazama skrini tena. Walikuwa wakilitazama dirisha, na wa mbele walishaanza kuvuka barabara.