Mkanda Shingoni

Eluned alikuta kile kikapu cha kumziba farasi mdomo, asile kupita kiasi, kimelala kwenye umande. Farasi mwenyewe hakuwepo malishoni.

Alikimbia kuelekea nyumbani. Majani ya Mei huku Wales ni sukari tupu. Mwaka jana yalimnenepesha huyo farasi wake mzee hadi kwato zikaugua, zikawaka moto, na daktari wa mifugo akataja sindano ya mwisho.

"Nani kamfungua?" Eluned alifoka.

"Kajivua kikapu mwenyewe, jirani! Punguza sauti," alijibiwa kutoka uani.

Jirani, yuleyule aliyekuwa akimsimanga kila siku kwamba anamtesa mnyama kwa njaa, alisimama uani penye changarawe, pasipo hata unyasi. Mkanda wake wa suruali ulikuwa shingoni mwa farasi. Kwa mkono mmoja aliushika huo, kwa wa pili akashikilia suruali.

"Nilimwona dirishani. Nikamwahi kabla hajashiba."

Eluned alipiga magoti, akaikumbatia kwato ya mbele kwa viganja viwili. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akashika ya pili. Baridi.

"Jirani, sijui nikushukuru vipi..."

"Nishukuru kwa kunipa kamba. Suruali hii haina subira."

Eluned alicheka huku machozi yakimtoka, lakini kwato hakuiachia.