Kipande cha Arubaini

Sheria haikuwa na huruma: familia haihami mpaka kumbukumbu za marehemu wake zihamishwe kwanza, na hadi hapo mlango haufunguki. Siku ya tatu sasa Mwanaidi alikuwa akimhamisha mama mkwe wake kutoka mashine ya ukutani kwenda kisanduku cha safari, na kila kazi ikikaribia kwisha, inakatika. Alibadilisha waya, wapi! Mwishowe akaligawa faili vipande arubaini. Thelathini na tisa vikapita.

“Hicho kimoja kina nini?” akauliza Raziki, mumewe, ameketi juu ya mizigo.

Mwanaidi akakifungua. Sauti ya mkwewe ikajaa sebuleni.

“Nakizuia mimi, wanangu. Fungueni mizigo, mbandike chai.”

Raziki alikwisha kuanza kufungua kamba.