Miwani Kifuani

Siku moja kabla ya uchaguzi, Kitwana, balozi wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia kina mama, "Kesho semeni hamjui kusoma. Nitaingia nanyi niwasaidie kupiga kura." Kwa Bi Mwajabu alisimama kidogo. "Na ile meza yako ya vitumbua pale sokoni, sisi ndio tunaiangalia."

Bi Mwajabu hakubisha. Wagombea wote aliwaona walewale, wakishapata hawaonekani tena. Kura yenyewe ya nini hata akose usingizi? Hata hivyo, asubuhi aliitia miwani yake kifuani, asijue kwa nini.

Sasa alikuwa mbele ya karani wa kituo cha kura, na pumzi za Kitwana zinampiga kisogoni.

"Mama, unajua kusoma?"

Jibu la balozi alikuwa nalo mdomoni. Lakini kabla hajalitoa, Kitwana alishamkamata kiwiko, kama anayevusha mbuzi barabara.

"Najua!"

Sauti ilimtoka kubwa mpaka foleni nzima ikageuka.

"Basi mwache mama aingie mwenyewe," karani alimwambia Kitwana.

Nyuma ya pazia Bi Mwajabu alivaa miwani, akaona picha mbili. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Hakumtaka hata mmoja. Kwa ajili ya hawa ndiyo meza yake ipotee?

Chini ya pazia viatu vya Kitwana vilikuwa vimesimama, ncha zimemwelekea yeye.

"Bi Mwajabu," Kitwana aliita, taratibu kabisa. "Ukimaliza, nipo."

Kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi.