Udi wa Mwalimu Zamzam

Siku hizi kila ala ya muziki ina sikio, na mpigaji akikosea mara tatu, inamfungia maisha. Mtambo huo aliubuni Mwalimu Zamzam, akautia sauti yake mwenyewe, ileile iliyowaliza wanafunzi wake miaka thelathini.

Kisha kiharusi kikampokonya kauli, kikamlegeza na mkono. Jana asubuhi mjukuu wake alipolia, hakuweza kumwimbia, akavuta udi wake ambembeleze nao. Kosa la kwanza. La pili.

"Mama, acha, utafungiwa!" Raya, bintiye, alimsihi.

Vidole vikateleza tena. Nyuzi zikazimika, na udi ukamkaripia: "Toa mikono hapo! Muziki si wa kila mtu, mpumbavu wewe."

Mtoto akanyamaza, akatabasamu. Ndiyo kwanza aisikie sauti ya bibi yake.