Maji ya Dakika ya Tano

Bernadine Kosik alifungua bomba la jikoni kwa binti yake, akakodolea macho saa yake mpaka dakika tano zikatimia, ndipo akakinga chupa. Ndivyo maabara alikofanya kazi ilivyopima maji ya mji mzima. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuiba hata dakika moja.

Mjukuu wake Nell, wa miezi kumi, alikutwa na risasi kwenye damu, madini yanayomla mtoto ubongo polepole. Mabomba ya mtaa ule yalikuwa ya risasi tangu enzi za mababu, kwa hiyo Bernadine alianza na maji.

Aliyapima mara kumi, akihesabu sehemu za risasi katika bilioni. Mbili nukta moja. Mbili nukta moja. Mara moja tu, mbili nukta mbili. Kiasi kidogo mno cha kumfikisha mtoto pale.

"Basi si maji," alimwambia mkwe wake, Royce, fundi wa kufumua betri kuukuu za magari, zilizojaa risasi. "Ni wewe. Unamletea sumu kwenye nguo zako."

"Mama, mimi naoga na kubadili kila kitu kazini. Hebu yapime tena."

"Nimepima mara kumi! Wewe hata namba ya kiatu chako huijui."

Bernadine alizipeleka namba zake mahakamani, na hakimu naye ni binadamu. Nani abishane na namba kumi zinazofanana? Wiki tatu baadaye Royce aliamriwa ahame, asimkaribie mtoto. Alitoka na begi moja, akilia mbele ya majirani, na Bernadine hakumwonea huruma hata chembe.

Miezi miwili ikapita. Damu ya Nell ilipopimwa tena, sumu ilikuwa imepanda mara tatu. Mtoto aliyekuwa ameanza kukaa, sasa alikuwa akianguka ubavu.

Kesho yake asubuhi na mapema, Bernadine alifika na chupa mpya. Alimkuta Paula, binti yake, ndio kwanza ameamka. Paula alifungua bomba na papo hapo akakinga chupa ya maziwa ya Nell.

"Paula! Hayo yamelala kwenye bomba la risasi usiku kucha. Huyamwagi kwanza?"

"Mtoto analia, Mama, nani ana muda huo?" Paula alitia maziwa ya unga, akatikisa chupa. "Hayo yalikuwa mambo ya Royce. Tangu siku ile ulipokuja kupima, kila asubuhi lazima ayamwage dakika tano. Eti alikuona wewe ukifanya hivyo."