Diski ya Mama Haijafungwa

"Sikilizeni, enyi walimwengu! Kila mja ana diski moja tu, na sauti iliyochomwa humo haifutiki milele!"

Namsifu alitangaza hayo bwenini, shuka begani kama joho la askofu. Diski yake mwenyewe alikuwa ameijaza milio ya mbuzi na kikohozi cha mwalimu wa zamu.

Likizo ilipofika, alikuta mashine ya nyumbani ya kusomea diski imekufa. Mashine mpya zilisoma diski zilizofungwa tu, na diski hufungwa matangani, isiongezwe sauti tena, mwenyewe akishazikwa. Ya mama yake ilikuwa bado wazi. Mama alikwenda kufanya kazi mwezini, habari zake zikakatika. Kila Jumapili Baba aliipangusa vumbi diski ile na kusema, "Akirudi ataongeza mwenyewe."

Lakini Namsifu alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mama yake. Baba alipokwenda shambani, akaitia diski kwenye mashine mpya ya jirani aliyoiazima, akabonyeza "Funga."

"Namsifu, umekula?" Mama akauliza, sufuria ikitokota nyuma yake. "Njoo basi nikusuke."

Akairudia, akairudia tena, hata asisikie mlango ukifunguliwa.

Baba alisimama kizingitini, jembe begani, uso umemchanua. "Mama Namsifu! Umeingia saa ngapi?"

Namsifu alitafuta utani wowote, akaukosa.

"Hajarudi, Baba. Ni mimi. Nimeifunga."