Mjuaji na Simu Yake

Kaka mtu aliiweka simu mezani mbele ya mama yao, akaigonga kwa ile kucha yake ndefu. Programu yake ya kuandikia vikao vya familia, alijigamba, siku hizi inarekodi mpaka sauti.

“Dada yangu asije akajifanya amesahau.”

Dada mtu alibetua midomo. Domo lote lile, na bado anahitaji mashine ya kumsemea!

“Haya, mama atakaa kwangu mpaka nyumba yake ikarabatiwe,” simu ilitoa sauti ya dada mtu. Mlango ukasikika ukifungwa. Hapo ndipo dada mtu alipoondoka siku ile ya kikao, na kaka mjuaji hakuzima kurekodi.

“Ukarabati gani?” Kaka mtu alicheka ndani ya simu. “Kibibi akihama tu, naiuza.”

Kucha ilikimbilia kuzima. Mkono wa mama ukaiwahi simu.

“Iache imalize, mwanangu.”